Kuchangia Seli Shina za Damu: Elimu Inayowahusu Wanafunzi wa Vyuo kutoka Same

Seli shina za damu ni chembe changa zinazokaa ndani ya uloto, yaani ile tishu laini iliyomo katikati ya mifupa, hasa ya nyonga, kifua na uti wa mgongo, na kutokana nazo huzaliwa chembe nyekundu zinazobeba oksijeni, chembe nyeupe zinazopambana na maradhi, na chembe sahani zinazogandisha damu mtu anapojeruhiwa. Uloto wa mtu mzima mwenye afya huzalisha chembe nyekundu zipatazo bilioni 200 kila siku, na kwa kuwa kila chembe huishi takriban siku 120 tu, kazi hiyo haina likizo. Uloto unapougua, kama katika saratani ya damu, au unapozalisha chembe zenye kasoro ya kurithi, kama katika selimundu, mojawapo ya njia za kumponya mgonjwa ni kuuangamiza uloto huo kwa dawa kali na kumpa seli shina za mtu mwingine, ambazo huingizwa kwenye mshipa kama damu ya kawaida, kisha zenyewe husafiri hadi ndani ya mifupa na kuanza kuzaliana.

Matibabu haya yamekwisha kufika nchini Tanzania. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021 kwa wagonjwa wa saratani waliovunwa seli zao wenyewe na kurudishiwa baada ya dawa, na mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikapandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, safari hii seli zikitoka kwa ndugu zao. Hospitali hiyo ya pili imo katika eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma, kwa hiyo kijana wa wilaya ya Same anayesoma pale hupita karibu na wodi ambayo mtoto wa shangazi yake anaweza kuihitaji kesho, pengine bila kujua kinachofanyika ndani yake.

Selimundu inaihusu Same kwa sababu za kijiografia zilizoanza kueleweka miaka mingi iliyopita. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba watu waliorithi kinasaba kimoja cha selimundu kutoka kwa mzazi mmoja walikuwa wengi katika maeneo ya Afrika Mashariki yenye malaria kali, kama pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na wachache katika nyanda za juu zenye baridi, kwa kuwa kinasaba hicho kimoja humkinga mtoto dhidi ya kifo cha malaria. Wilaya ya Same, iliyoko Upare, ina hali zote mbili: kuna tambarare zenye joto za Ndungu, Kihurio na Hedaru, na kuna vijiji vya milimani vya Mbaga na Chome, chini ya kilele cha Shengena chenye urefu wa mita 2,462. Malaria ya tambarare hizo ilikuwa nzito kiasi kwamba katika miaka ya 1950 uliendeshwa mradi mkubwa wa Pare-Taveta wa kupulizia nyumba dawa ya dieldrin. Watu wa milimani na wa tambarare wameoana vizazi kwa vizazi, na mahali mama anapoishi leo hapawezi kuwa kipimo cha kinasaba alichorithi. Kipimo cha damu ndicho kinachosema.

Mtoto huugua selimundu anaporithi kinasaba hicho kutoka kwa baba na kwa mama pia. Chembe zake nyekundu hujikunja na kuziba mishipa midogo, naye hupata maumivu makali ya mifupa, upungufu wa damu na maambukizi ya mara kwa mara. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu Tanzania kila mwaka. Dawa ya haidroksiyurea hupunguza mateso hayo kwa kiasi kikubwa na inastahili kuwafikia wagonjwa wengi zaidi, lakini haiondoi kasoro yenyewe.

Ugumu wa kupandikiza umo katika kupata mtu anayelingana na mgonjwa. Ulinganifu unaotafutwa hautokani na kundi la damu, kama wengi wanavyodhani, kwani mwenye kundi O anaweza kumpa uloto mwenye kundi A. Unatokana na alama za utambulisho zilizo juu ya seli, ziitwazo HLA, ambazo mfumo wa kinga huzitumia kumtambua mwenyeji na mgeni. Alama hizo hurithiwa nusu kwa baba na nusu kwa mama, na ndugu wawili wa baba na mama mmoja wana nafasi moja katika nne ya kulingana kikamilifu. Katika selimundu hesabu huwa ngumu zaidi, kwa sababu ndugu huyo asiwe mgonjwa pia, na kinasaba cha selimundu kiko kwenye kromosomu ya 11 ilhali vya HLA viko kwenye kromosomu ya 6, hivyo hurithiwa kila kimoja kivyake. Ikiwa wazazi wote wawili wamebeba kinasaba kimoja kimoja, nafasi ya kila ndugu kuwa mzima na kulingana kikamilifu ni tatu katika kumi na sita. Hata mgonjwa mwenye ndugu wanne bado ana uwezekano wa zaidi ya asilimia 40 wa kutompata anayefaa miongoni mwao. Ndugu aliyebeba kinasaba kimoja tu bila kuugua anaruhusiwa kuchangia, jambo ambalo familia nyingi hazilijui na ambalo huwafanya baadhi yao kumkataa mapema mtu ambaye angefaa.

Asiyepata ndugu anayelingana naye kikamilifu hutegemea mzazi au ndugu anayelingana nusu, mbinu ambayo imeboreka sana miaka ya karibuni, au hutegemea mgeni aliyejiandikisha katika daftari la wachangiaji. Madaftari ya dunia kwa jumla yana watu zaidi ya milioni 40, lakini sehemu kubwa wana asili ya Ulaya. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba mgonjwa mwenye asili ya Ulaya alikuwa na uwezekano wa asilimia 75 wa kumpata katika daftari mtu anayelingana naye kikamilifu, ilhali Mmarekani mweusi alikuwa na asilimia 19 tu. Chanzo si uchache wa waliojiandikisha peke yake, kwani Waafrika ndio wenye tofauti nyingi zaidi za vinasaba duniani. Katika milima ya Upare na ya jirani wanaishi Wapare, Wagweno, na Wambugu ambao lugha yao imehifadhi msamiati mwingi wa Kikushi, na chini yao tambarare kuna Wamaasai, Wakamba na Wazigua. Ni vigumu kuamini kwamba daftari lililojazwa Ulaya litawatosha watu hawa. Afrika Kusini ina daftari lake tangu 1991 na Nigeria tangu 2012, na Afrika Mashariki haina sababu ya kubaki nyuma.

Kinachowatisha vijana zaidi ni namna ya kuchangia. Kupimwa huanza kwa kijiti chenye pamba kinachosuguliwa ndani ya shavu, au kwa damu kidogo. Anayechaguliwa, mara nyingi, hudungwa kwa siku nne au tano dawa inayozihamisha seli shina kutoka kwenye uloto kwenda kwenye damu, dawa ambayo huleta maumivu ya mifupa na ya kichwa kwa muda mfupi. Kisha damu yake hupitishwa kwenye mashine kwa saa nne hadi sita, mashine ikazichuja seli shina na kumrudishia damu iliyobaki. Njia ya pili ni kumlaza kwa nusukaputi na kuvuta uloto kwa sindano kutoka mfupa wa nyonga upande wa nyuma. Hakuna njia yoyote kati ya hizi inayogusa uti wa mgongo, wala inayopunguza uwezo wa kuzaa. Wakulima wa Bangalala, wilayani Same, hufunga ndiva zao, yaani mabwawa ya jadi, zikajaa usiku na kufunguliwa mifereji mchana, na uloto nao hujaa tena ndani ya majuma machache bila mchangiaji kupungukiwa.

Wanafunzi wa vyuo wanafaa kulengwa na elimu hii kwa sababu mbili. Umri wao ni bora kitabibu, kwani seli za wachangiaji vijana huwapa wagonjwa matokeo mazuri zaidi. Na barua ya rufaa ya hospitali inapofika nyumbani Mamba au Suji, mwanafunzi wa chuo ndiye anayeitwa kikao cha ukoo aisome na kuifafanua mbele ya wajomba na mashangazi. Akieleza vibaya, mchangiaji hupotea. Hapo ndipo atakapokutana pia na hofu ya zamani ya mumiani, wanyonya damu wa masimulizi ya enzi ya ukoloni, na haifai kuicheka, kwa sababu damu kuchukuliwa bila maelezo kunaweza kuichochea. Dawa yake ni kueleza damu inakwenda wapi, nani anaipokea, na kwamba hakuna anayeinunua wala kuiuza.

Hata hivyo, kampeni ya kuandikisha wachangiaji inayohesabu majina tu inaweza kudhuru. Mgonjwa akishapewa dawa ya kuuangamiza uloto wake, hana tena uloto wa kumtengenezea chembe za kumlinda, na mchangiaji akighairi siku hiyo mgonjwa hukabiliwa na kifo. Kila mtu ana haki ya kukataa, lakini akatae mapema, na hawezi kufanya hivyo kama hakuelezwa kabla ya kutia sahihi. Darasa moja la wanafunzi thelathini walioelewa lina thamani zaidi kuliko ukumbi mzima uliojiandikisha kwa ajili ya fulana.

Kwa sasa mwanafunzi wa Same aliyetimiza miaka 18 na kufikisha kilo 50 anaweza kuanza kwa kuchangia damu ya kawaida, wanaume kila baada ya miezi mitatu na wanawake kila baada ya minne, kupitia Mpango wa Taifa wa Damu Salama ambao kituo chake cha Kanda ya Kaskazini kiko Moshi. Apimwe pia selimundu, aijue hali yake kabla ya kuoa au kuolewa, na awaeleze ndugu zake kwamba siku mmoja wao atakapohitaji uloto, wao ndio watakaopimwa kwanza.