Fahamu: Popo wa matunda, mpanzi wa misitu ya miombo

Eidolon helvum ni popo wa matunda mwenye manyoya ya rangi ya majani makavu, na mabawa yake yakikunjuliwa hufikia takriban sentimita 75. Misitu ya miombo ya Katavi imo katika eneo lake. Mchana hulala kwa makundi makubwa juu ya miti, na hata miembe ya mjini humfaa. Hategemei mwangwi kama popo wanaokula wadudu. Hutafuta chakula kwa macho na pua.

Hula matunda ya mikuyu, maembe, mapera na, mikusu ya misitu ya miombo inapozaa, makusu. Hutafuna, hufyonza maji na kutema makapi, lakini mbegu ndogo humeza na kuziangusha mbali, pengine makumi ya kilomita. Ni ndege wachache wanaozifikisha mbali hivyo.

Ni msafiri pia. Kila Oktoba hadi Desemba mamilioni hukusanyika Kasanka, Zambia. Mmoja aliyefuatiliwa kwa setilaiti alisafiri zaidi ya kilomita 2,000. Jike huzaa mtoto mmoja kwa mwaka. Uchunguzi wa Kampala miaka ya 1960 ulionyesha kuwa yai lililorutubishwa husubiri miezi kadhaa kabla ya kujishikiza. Kwa kuwa huzaa polepole hivyo, uwindaji na ukataji miti humdhoofisha upesi.

Homa ya virusi vya Marburg, iliyozuka Kagera mwaka 2023 na 2025, humfanya ashukiwe bure: mwenyeji anayejulikana wa virusi hivyo ni Rousettus aegyptiacus, popo wa matunda alalaye mapangoni. Hata hivyo Eidolon hubeba virusi vingine, kwa hiyo tunda lililong'atwa na popo halifai kuliwa.