Mjane na Mikarafuu ya Marehemu

Msimu wa karafuu uliopita tulifika kijiji kimoja cha Pemba kumwangalia mwanachama mwenzetu, mama wa watoto watano, umri wake karibu miaka hamsini. Ametuomba tusilitaje jina lake, lakini habari yake ametupa ruhusa tuieleze, kwani wako wajane wengi walio na jambo kama lake na hawana wa kumwambia.

Mumewe alifariki karafuu zimekaribia kuchumwa. Mama akakaa eda, miezi minne na siku kumi, asitoke ila kwa dharura. Na karafuu hazingoji: zikiachwa mtini huwa mpeta, na zikichumwa zikarundikwa mbichi hupauka, bei ikapungua. Jirani mmoja, naye amefiwa na mkewe miaka mingi nyuma, alisimama pamoja na watoto wa marehemu kuwaangalia wachumaji. Kila jioni alimpelekea mjane, kwa mkono wa mtoto, hesabu ya pishi zilizochumwa. Mvua ikitanda, yeye ndiye wa kwanza kukunja majamvi. Neno jingine hakutamka mpaka eda ikaisha. Ndipo alipokwenda kwa kaka yake mjane kuposa.

"Nilimlilia mume wangu, na hata leo namlilia," mama alituambia. "Lakini kaka aliponiuliza kama namridhia huyu, niliona moyo umekwisha kujibu."

Waliokasirika ni watoto wakubwa. Mtu mwenyewe hawakuwa na neno naye. Hofu yao ilikuwa mikarafuu. Wengine walidhani mama akiolewa mali ya baba yao itahamia nyumba nyingine. Wengine walisema akiolewa fungu lake limepotea. Yote mawili si kweli, na hapa twawaomba wanachama wetu wasome vizuri.

Madeni yakishalipwa na wasia ukatimizwa, mjane wa marehemu aliyeacha watoto hurithi thumni, yaani fungu moja katika manane. Fungu hilo ni lake, aolewe asiolewe, na mume mpya hana haki juu yake. Tuchukue mfano: marehemu ameacha mikarafuu 64 yenye mazao sawa, mjane, watoto wanaume 2 na wanawake 3, na wazazi wake hawako tena. Mjane atapata 8, kila mtoto mwanamume 16, na kila mtoto mwanamke 8.

Mjomba wao aliwachukua wote kwa kadhi, mirathi ikagawanywa, kila mti ukajulikana mwenyewe. Siku ya ndoa mwana mkubwa alichelewa, akakaa nyuma kabisa. Lakini alikuja. Na msimu huu tulimkuta akianika karafuu za mama yake.

Ndugu wanachama, mirathi isiyogawanywa ni kama karafuu mbichi zilizorundikwa: huharibika ndani kabla ya kuonekana nje. Tuigawe mapema. Na mama akiposwa, tumwulize kwanza yeye mwenyewe, kisha ndipo tuhesabu miti.