Anwani ya barua pepe ya muda: kinga halali isigeuzwe hila

Katika miji ya Kasulu na Kibondo, kama ilivyo kwingineko nchini, kijana aliyemaliza masomo hapeleki tena bahasha posta. Huenda steshenari, au hutumia simu yake, akajaza maombi ya chuo au ya kazi kwa njia ya mtandao. Mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kwa mfano, humtaka mwombaji awe na anwani ya barua pepe. Kwa bahati mbaya, anwani hiyo hiyo huiandika kila anapoombwa: kwenye michezo, mashindano na matangazo ya zawadi. Haupiti muda mrefu sanduku lake hufurika barua za mikopo, kamari na utajiri wa siku moja, na barua ya kumwita kwenye usaili ikazama humo.

Adha hii si ngeni. Tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya Digital nchini Marekani alituma tangazo la kompyuta kwa watu wapatao 400 kwa mkupuo mmoja, bila kuombwa na yeyote. Tangu hapo barua taka zimeongezeka kwa sababu iliyo wazi: gharama ya kutuma barua elfu moja haizidi sana ile ya kutuma moja.

Miongoni mwa kinga zilizobuniwa ni anwani ya muda. Zipo za aina mbili. Ya kwanza hutolewa papo hapo na kutupwa baada ya matumizi, kama zile za Mailinator, huduma iliyoanza mwaka 2003. Sanduku lake la bure halina neno la siri. Yeyote ajuaye jina la anwani aweza kusoma kilichomo. Ya pili ni anwani ya kificho, ambayo hupokea barua na kuzipeleka kwenye sanduku lako halisi, nawe ukikerwa waifunga. Mfano wake ni Firefox Relay, iliyoanza mwaka 2020.

Huenda mtu akauliza: je, huu si uongo? Tunavyoona sisi, kusitiri si kudanganya. Dini imetufunza kubisha hodi na kusubiri idhini kabla ya kuingia nyumba ya mtu. Basi mwenye nyumba naye ana haki ya kuchagua ni nani amwoneshe mlango wake. Lakini anayefungua anwani kumi ili apate mara kumi huduma ya majaribio iliyoahidiwa kila mtu mara moja, huyo anakula asichostahiki. Chombo ni kile kile, ila nia imeharibika.

Aidha, anwani ya kutupwa isitumiwe kamwe kwa ajira, chuo, benki au hospitali. Ukisahau neno la siri, njia ya kulibadilisha hutumwa kwenye anwani uliyojiandikisha nayo. Ikiwa imekwishafutwa, umejifungia nje mwenyewe, na ikiwa wazi kwa wote, mwingine aweza kuingia kwa jina lako.

Sheria nayo haikunyamaza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mhusika haki ya kuzuia taarifa zake zisitumike kwa matangazo ya biashara.

Basi tunawausia wazazi wa Kasulu, Kibondo na kwingineko: kijana awe na anwani moja ya kudumu kwa mambo mazito, na neno lake la siri alihifadhi mwenyewe, asimwachie mhudumu wa steshenari. Kwa yale ya kupita, atumie anwani ya kificho. Na barua asiyoijua asiifungue kwa tamaa ya zawadi.

Wabillahi tawfiq.