Wavu wa Mbu na Vidukari vya Jikoni

Kidukari jike hahitaji dume. Kwenye joto la Pwani huzaa watoto hai, majike watupu, na kila mtoto huzaliwa tayari akiwa na kizazi kingine kinachoanza kujengeka tumboni. Baada ya wiki moja hivi naye huzaa. Ndiyo maana kopo la mnanaa dirishani mwa jiko huko Pangani, kata ya Kibaha (si ile ya Tanga), huonekana safi leo, na wiki mbili baadaye machipukizi yamejikunja, yananata, na sisimizi wamejipanga foleni. Sisimizi hao hawali majani. Wanafuata majimaji matamu anayotoa kidukari, na kwa malipo hayo humlinda.

Mnanaa huohuo ukiwa uani hauteseki hivyo. Huko mvua huwaangusha vidukari, na wapo wanaowala: buibui, vidudu vyekundu vyenye madoa meusi, na nyigu wadogo kuliko punje ya mchele wanaotaga ndani ya mwili wa kidukari. Wavu wa mbu dirishani huwazuia wengi wao.

Kibaha inalijua jambo hili, mdudu kuwakosa maadui zake, kwa ukubwa wa mashamba. Kidung'ata wa muhogo aliingia Afrika kutoka Amerika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1970, maadui zake wakabaki kwao. Watafiti waliwafuata hadi Paraguay, wakampata nyigu Anagyrus lopezi. Mwaka 1981 aliachiwa Nigeria, kisha nchi nyingine, Tanzania ikiwemo, ambako programu ya taifa ya udhibiti wa kibiolojia ina makao yake Kibaha. Mswisi Hans Herren, aliyeongoza juhudi hizo, alipata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Kopo moja halihitaji nyigu wa kuagiza. Litoe nje kivulini, uyaoshe majani kwa maji, hasa upande wa chini. Maji ya sabuni kidogo huua mdudu aliyelowa tu, na yakikauka nguvu imekwisha, hivyo rudia kila baada ya siku chache. Mwarobaini ni wa polepole: humvuruga mdudu asiweze kujivua gamba. Kidung'ata naye, ukimkuta koponi, amejipaka nta, kwa hiyo mguse kwa pamba yenye spiriti. Dawa ya kupuliza mbu mimi siikaribishi kabisa. Jani hili linakwenda kwenye chai.

Punguza pia samadi ya kuku. Naitrojeni ikizidi, mmea hutoa machipukizi laini yenye utomvu mnono, na kidukari huzaa kwa kasi zaidi.