Mizigo Iko Wapi? Kuyasoma Mabango ya Kuchangisha Fedha za Vita

Mwalimu wa historia katika mwambao wa Ziwa Nyasa hana haja ya kwenda mbali kulianza somo la Vita Kuu ya Kwanza. Liuli, kaskazini ya Mbamba Bay, Wajerumani waliita Sphinxhafen. Hapo, tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Kiingereza Gwendolen iliipiga kwa mizinga meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann. Lakini vita ni gharama, na jambo hili wanafunzi wetu hulisahau. Serikali zilizopigana ziliwakopa raia kwa kuwauzia hati za mkopo, zikiahidi kuwalipa pamoja na riba. Na mabango ndiyo yaliyotumwa kushawishi.

Bango lenye nguvu halihesabu riba. Fritz Erler, kwa mkopo wa Kijerumani wa mwaka 1917, alichora askari mmoja mwenye kofia ya chuma, macho yakitazama mbali. Raia aliyeketi salama nyumbani aliona haya kabla hajafikiri.

Darasani twapendelea bango jingine, ingawa hilo liliomba mchango, si mkopo: lile la Fritz Grotemeyer la mwaka 1918, kwa ajili ya askari wa makoloni. Kamanda Lettow-Vorbeck amepanda farasi. Askari Waafrika wanamfuata na bendera.

Tumezoea kuwapa wanafunzi dakika tano wataje wanachokiona. Kisha twauliza: mizigo iko wapi? Hapo darasa hunyamaza. Alipovuka Ruvuma Novemba 1917, Lettow-Vorbeck alikuwa na Wajerumani wapatao 300, askari wapatao 1,700, na wapagazi na wafuasi wengine wapatao 3,000. Mbung'o walikwisha kuwaua farasi na nyumbu wa vita hivi kwa maelfu, basi risasi na chakula vilisafiri vichwani mwa watu. Upande wa Waingereza pekee, wapagazi waliokufa, wengi wao kwa maradhi, wanakisiwa kuzidi 90,000. Mababu wa baadhi ya wanafunzi wetu walikuwa miongoni mwa wapagazi wa vita vile.

Mchoraji hakubuni askari wale. Alichagua tu nani aonekane. Kwa hiyo zoezi letu la mwisho ni hili: wanafunzi walichore bango upya, wapagazi wakiwamo, kisha wajadiliane kama mtu wa Berlin angalitoa fedha zake.