Fundi wa gari la haibridi katika nyanda za Ufipa

Gari la haibridi lina injini ya petroli na mota ya umeme, na kompyuta yake ndiyo inayoamua ipi isukume magurudumu na wakati gani. Toyota ilianza kuuza Prius nchini Japani Desemba 1997. Aqua, lililo dogo zaidi, likafuata Desemba 2011. Mengi yanayotembea Tanzania yalitumika Japani kwa miaka kadhaa kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam na kusambaa mikoani. Tangu barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga iwekwe lami, gari dogo kama hilo hufika Laela, Mpui na Sumbawanga bila taabu. Ujuzi wa kulitengeneza haukuja kwa mwendo huo. Gereji za miji midogo ya Ufipa zimekulia kwenye pikipiki, Noah na malori ya mahindi, na fundi hodari wa Fuso anaweza kuwa mgeni kabisa mbele ya Aqua.

Ugeni huo ni wa hatari. Betri kubwa ya Prius la kizazi cha pili na cha tatu ina moduli 28 zilizounganishwa kwa mfuatano, kila moja volti 7.2, jumla volti 201.6. Ni umeme unaoua. Tena kwenye Prius la kizazi cha tatu inveta huupandisha hadi volti 650 kabla ya kuupeleka kwenye mota. Nyaya zake zimefunikwa kwa rangi ya chungwa ili mtu asizishike kwa bahati mbaya. Kwa sababu hiyo, dalili ya kwanza ya fundi wa kuaminika huonekana kabla spana haijagusa boliti. Fundi anayeijua kazi huzima gari, huuweka ufunguo mbali, huchomoa waya wa betri ndogo ya volti 12, huvaa glavu za mpira zilizotengenezwa kukinga umeme mkubwa, kisha huchomoa plagi ya usalama ya betri kubwa na kuitia mfukoni mwake ili mtu mwingine asiirudishe. Halafu husubiri dakika 10 ili umeme uliobaki ndani ya inveta ushuke, na hupima kwa mita kabla ya kugusa. Glavu zenyewe huzijaza hewa na kuzikunja kwanza, kusikiliza kama zina tundu. Mwenye gari hahitaji kujua umeme ili kuyaona haya. Anahitaji kusimama pale na kutazama. Anayefungua betri hiyo kwa mikono mitupu, hata akisifiwa mji mzima, hafai kuachiwa gari.

Dalili ya pili ni maneno yake. Prius na Aqua hayana alternata. Hayana pia stata ya kawaida. Mota moja ya umeme ndiyo inayoiwasha injini. Betri ndogo ya volti 12 huchajiwa kutoka betri kubwa kupitia kifaa cha kushusha umeme. Kwa hiyo fundi anayesikia kwamba Aqua haliwaki na papo hapo akaagiza alternata, amekwisha kujieleza. Mara nyingi ubovu ni hiyo betri ndogo tu, ambayo kwenye Prius la kizazi cha pili na cha tatu hukaa nyuma, upande wa buti.

Jambo linalogharimu watu fedha nyingi zaidi ni taa ya hitilafu ya betri kubwa. Kompyuta ikiandika P0A80, wapo mafundi wanaosoma alama hiyo na kutamka hukumu: betri imekufa, inunuliwe nyingine. Wapo pia wanaoifuta kwa mashine, taa ikazimika, wakalipwa, nayo ikarudi baada ya siku chache. Fundi makini hupima. Moduli 28 za Prius husomwa kwa mafungu 14 ya mbilimbili, na mashine inayofaa huonyesha volti za kila fungu gari likiwa limesimama na likiwa linavuta. Fungu bovu hushuka kuliko wenzake pale mota inapodai nguvu. Milima ya Ufipa inasaidia hapa kuliko barabara tambarare. Betri iliyochoka hujaa upesi na kuisha upesi: kwenye mlima vipande vya chaji kwenye kioo hupungua harakaharaka, feni ya nyuma huanza kuunguruma, na kwenye mteremko vipande hivyo hurudi kwa kasi ileile. Anayekataa kulijaribu gari mlimani baada ya matengenezo anakwepa jibu.

Feni hiyo inastahili kuangaliwa kwa karibu. Huvuta hewa ya ndani ya gari ili kuipoza betri, kupitia tundu lililo ubavuni mwa kiti cha nyuma. Mmiliki wa Mpui akirudi kutoka shambani na gunia la mahindi kitini, gunia huegemea tundu hilo na kuliziba. Lisipoliziba, huacha makapi na unga. Vumbi la kiangazi humalizia kazi. Baada ya misimu kadhaa mapanga ya feni huwa yamevaa tabaka la kijivu nene kama blanketi, na betri inachemka bila mtu kujua. Kuifungua na kuisafisha ni kazi ya muda mfupi, na fundi anayeanza hapo kabla ya kutaja bei ya betri anamjali mteja wake. Anayejua zaidi hukagua pia vipande vya shaba vinavyounganisha moduli, kwani vikiota kutu ya kijani husababisha vipimo vya uongo.

Kubadilisha moduli moja iliyokufa kunawezekana, na ni nafuu. Lakini zilizobaki zina umri uleule, na nyingine hufuata. Fundi mkweli husema hivyo mapema, husawazisha chaji za zote kabla ya kuzifunga, humkabidhi mteja moduli iliyotolewa, na huandika kwenye risiti muda wa dhamana.

Sevisi ya kawaida haina mengi mapya. Inveta ina maji yake ya kupozea, tofauti na ya injini. Kwenye Prius la kizazi cha pili, gari likiwa limewashwa, maji hayo yanapaswa kuonekana yakizunguka ndani ya chupa yake, na yakitulia tuli, pampu imekufa. Pedi za breki hudumu kwa sababu mota hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kupunguza mwendo, ila wakati wa kuzibadilisha pampu ya breki inaweza kuamka yenyewe mlango unapofunguliwa, na vidole vikawa katikati.

Kuna kosa moja la barabarani ambalo hata dereva lazima alijue. Betri ndogo ikiisha, msaada wa haraka Ufipa ni lori la mahindi. Lori kama Fuso hutumia volti 24. Kulibusti gari la haibridi kutoka hapo, au kugeuza nyaya, kunaweza kuunguza vifaa vya bei kubwa kuliko safari yote.

Cheti cha VETA ni mwanzo mzuri wa kumtafuta fundi, na wale waliojifunzia kazini wanaweza kupimwa na VETA na kurasimishwa ujuzi wao. Bado cheti cha umeme wa magari hakithibitishi kwamba mwenye nacho amewahi kufungua betri ya haibridi. Swali lenye faida zaidi ni la kuuliza wenye Aqua na Prius wenyewe: nani alilitengeneza, na lilikaa muda gani bila kurudi. Zamani Wafipa waliyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo zilizoitwa malungu, na jembe la mhunzi lilipimwa shambani msimu uleule. Kazi ya betri hujulikana kwa kuchelewa zaidi, labda baada ya mwaka, ndiyo maana ushuhuda wa mwenye gari wa mwaka jana una uzito kuliko sifa za wiki hii.

Ikibidi kumfuata fundi mwenye vifaa hadi Mbeya, kutoka Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 300, na safari hiyo ina gharama. Hata hivyo, fundi wa Mpui anayesema waziwazi kwamba hawezi kutengeneza betri kubwa, akasafisha feni, akabadilisha oili na kumwelekeza mteja kwa mwenye vifaa, ndiye wa kurudiwa sevisi ijayo.