Kwa Nini Sauti ya Gitaa Hufifia Upesi?

Uzi wa gitaa ukipigwa mara moja kisha ukaachwa, sauti hutoka kwa nguvu, hupungua kidogo kidogo, na hatimaye hunyamaza. Wapiga gitaa wengi hutamani sauti hiyo idumu zaidi, na wauzaji wa ala za muziki wana vifaa vingi wanavyodai kuwa huirefusha. Kabla ya kutoa fedha, yafaa tuulize sayansi inasema nini.

Kidole kinapouvuta uzi huupa akiba ya nishati. Uzi unapotetema, sehemu ya akiba hiyo hugeuka joto kwa msuguano wa hewa na wa uzi wenyewe; sehemu nyingine huhamia kwenye mwili na shingo ya gitaa. Nishati haiumbwi wala haiangamizwi. Hubadilika umbo tu. Kwa hiyo njia ni mbili: kupunguza matumizi ya akiba, au kuongeza nishati kutoka nje.

Katika gitaa lisilo la umeme, ubao mwembamba lazima uchukue nishati ya uzi ili utikise hewa. Anayetaka sauti kubwa huilipia kwa muda. Mnamo mwaka 1940 hivi, mwanamuziki Les Paul wa Marekani alifunga nyuzi juu ya gogo la msonobari lenye unene wa inchi 4 kwa 4. Gogo halitikisiki kwa urahisi, hivyo nishati ilibaki katika uzi kwa muda mrefu zaidi. Kazi ya kusikika iliachiwa sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, pamoja na amplifaya.

Matumizi ya akiba hupunguzwa pia kwa nyuzi mpya zisizo na jasho wala kutu, na kwa kukaza vizuri vipande vinavyobeba nyuzi. Sumaku isisogezwe karibu mno na uzi, kwani huuvuta na kuuzuia kutetema. Uzito unaofungwa kwenye kichwa cha gitaa hubadili mtetemo wa shingo. Noti iliyokuwa ikifa upesi yaweza kupona, lakini pengine nyingine ikaugua badala yake.

Kuna kifaa cha umeme kiitwacho kompresa. Hiki hakiupi uzi nishati yoyote: hupunguza kishindo cha mwanzo na kukuza mkia wa sauti, sikio likadhani sauti imerefuka. Pamoja na mkia huo, hukuza pia makelele.

Nishati ya kweli kutoka nje hupatikana spika kubwa inapoutikisa uzi ulio karibu nayo. Kifaa kiitwacho EBow, alichokibuni Mmarekani Greg Heet na kuanza kuuzwa mwaka 1976, hutumia betri: koili moja huhisi mtetemo, nyingine huusukuma uzi kwa wakati wake, kama mtu anayemsukuma mtoto kwenye bembea.

Wanafunzi wanaweza kupima wenyewe. Vuta uzi mmoja kwa umbali uleule mara 10, pima kwa saa muda wa kila sauti, kisha tafuta wastani. Badilisha kitu kimoja tu, urudie. Ikiwa tofauti ya wastani ni ndogo kuliko tofauti za kawaida baina ya vipimo, hamjapata ushahidi wa kutosha wa kununua kifaa hicho.